Sataranji, swala na mtoto wa Newala



Barua ya juma hili imetoka Newala, imeandikwa na mama wa watoto wanne ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe. Anaeleza kwamba mwanawe wa miaka 13 alijifunza mchezo wa sataranji, ambao vijana huuita chesi, kwa kutumia simu ya mjomba wake aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Mjomba alipoondoka na simu yake, mtoto alichora ubao wa miraba 64 juu ya kipande cha boksi, akaokota vizibo vya soda, akaviandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, kisha akaanza kuwafundisha wenziwe barazani. Baba yake alipoona hayo aliuchana ubao, akavitupa vizibo jaani, na akasema kwamba mchezo ule ni haramu na kete zake ni masanamu.

Mama anauliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba mchezo huo ni haramu? Na kama si haramu, una faida gani kwa mtoto wa mkulima wa korosho? Kisha, mwishoni kabisa mwa karatasi, anaongeza jambo ambalo nadhani ndilo hasa lililomfanya ashike kalamu: mumewe hucheza bao chini ya mwembe kila siku baada ya Alasiri, na mara nyingi adhana ya Magharibi humkuta hapo hapo, bado anahesabu mtaji.

Nianze na hukumu. Mimi si mufti, na desturi ya safu hii ni kueleza yaliyosemwa na waliotangulia. Hao nao walihitilafiana. Asili ya sataranji ni Bara Hindi; Waajemi waliichukua huko, na Waislamu wakaikuta Uajemi baada ya nchi hiyo kufunguliwa katika zama za Masahaba. Ndiyo sababu wanazuoni wa Hadithi wamebainisha kwamba hakuna Hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inayoutaja mchezo huu kwa jina. Hadithi sahihi iliyopo inakemea nardi, mchezo unaoendeshwa kwa kurusha dadu. Wanazuoni walio wengi katika madhehebu ya Malik, Abu Hanifa na Ahmad bin Hanbal waliizuia sataranji. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyolelewa nayo huku kwetu, aliiona kuwa ni makuruhu: haikumpendeza, lakini hakuifikisha kwenye uharamu. Imam Nawawi, katika madhehebu hayo hayo, akaweka mpaka ulio wazi. Ikichezwa kwa kuwekeana mali, au ikimfanya mtu aipitishe swala wakati wake, basi ni haramu. Imepokewa vilevile katika vitabu vya Kishafii kwamba Said bin Jubayr, mwanazuoni mkubwa miongoni mwa Tabiina, alikuwa akiucheza mchezo huo huku ameupa ubao mgongo, akizipanga kete kichwani.

Hoja ya masanamu haikutoka hewani, na mzee wetu wa Newala asidharauliwe kwa kuitaja. Imepokewa kwamba Imam Ali (r.a.) aliwapita watu wakicheza sataranji, akawakemea kwa maneno ambayo Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaambia watu wake juu ya masanamu waliyokuwa wakiyaabudu. Lakini kizibo cha soda chenye herufi si sanamu ya kiumbe chochote. Hoja hiyo ingefaa zaidi kuelekezwa kwenye zile seti za mpingo zinazochongwa na mafundi wa Kimakonde na kuuzwa kwa watalii, ambamo kila kete ina uso, pua na macho. Hapa niseme kando kwamba jambo hili hunishangaza kila nizionapo dukani: mikono ya watu wa uwanda huu imechonga wafalme na farasi waliosafiri hadi Ulaya, na bado ni nadra kumkuta kijana wa uwanda huo huo anayejua jinsi farasi anavyoruka.

Mjadala haujafungwa hata leo. Januari 2016 Mufti Mkuu wa Saudi Arabia alisikika akiuharamisha mchezo huu kwa kuwa unapoteza muda na kuleta uadui. Desemba 2017 mji wa Riyadh ukawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi. Mwenye kutaka kujiepusha kabisa ana wanazuoni wakubwa nyuma yake, wala halaumiwi. Anayefuata kauli ya Imam Shafi naye ana mpaka wake wa kuuchunga. Lisilowezekana ni kuuchana ubao wa boksi kwa dalili ya sharia kisha kurudi mwembeni. Bao nalo halina dadu, nalo ni hesabu tupu, na likimpitisha mtu swala ya Magharibi hukumu yake haibadiliki kwa sababu wachezaji wana mvi. Wallahu a'lam.

Swali la faida nitalijibu kwa kumweleza mtu mmoja. Si Mwislamu, wala hakuzaliwa karibu nasi, lakini maisha yake yana mambo ambayo mama wa Newala atayatambua. Jina lake ni Maurice Ashley.

Alizaliwa Jamaika mwaka 1966. Mama yake alikwenda Marekani kutafuta maisha, akawaacha watoto kwa bibi yao kwa takriban miaka kumi. Huku kwetu hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Ni nyumba ngapi kati ya Masasi na Kitangari ambamo bibi ndiye anayewalea wajukuu, na mama ni sauti ya kwenye simu jioni? Maurice alipofika miaka 12 familia iliungana tena Brooklyn, katika jiji la New York, kwenye mtaa wa watu weusi ambamo dawa za kulevya zilikuwa karibu kuliko vitabu. Akiwa na miaka 14, shuleni, alicheza sataranji na mwenzake akashindwa vibaya. Alijiona ana akili, na kushindwa kule kulimuuma. Siku chache baadaye akakuta maktabani kitabu kinachohusu mchezo huo. Hakuwa amewahi kudhani kwamba mchezo unaweza kuandikiwa vitabu.

Katika bustani kubwa ya Brooklyn kulikuwa na kundi la wanaume weusi, watu wa kazi za kawaida, waliokutana kucheza. Kijana aliyekaa mbele yao hakuonewa huruma. Walimshinda, wakamtania, wakamshinda tena. Mwenye kulijua bao la chini ya mwembe anaijua shule hiyo: mzee hakufundishi kwa maneno, anakufilisi kete zako zote, nawe unarudi kesho kwa sababu umeona alivyofanya. Ashley alirudi kila mara.

Sasa lipo jambo ambalo waandishi wa michezo hulipita haraka, nami sitaki tulipite. Mchezaji anayekitaka cheo cha juu kabisa cha sataranji, kile cha bingwa mkuu, hutakiwa kuvifikia viwango vikali katika mashindano matatu yanayotambuliwa na shirikisho la dunia, na hesabu ya ubora wake ifike 2500. Kazi hiyo hufanywa ujanani, wakati akili ina kasi na mtu hana majukumu. Bobby Fischer, aliyekulia Brooklyn hiyo hiyo, alikipata cheo hicho mwaka 1958 akiwa na miaka 15. Ashley katika miaka yake ya ishirini alikuwa Harlem, akiwafundisha watoto wa shule.

Walikuwa watoto wa mtaa maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao nje ya darasa lao kulikuwa na wauza unga. Walipoanza kwenda kwenye mashindano, walikutana na shule za kitajiri ambazo watoto wake walianza kufundishwa wakiwa chekechea. Ashley aliwafundisha ubao, lakini aliwafundisha pia namna ya kukaa, ya kushika mkono wa aliyekushinda, na ya kuuandika mchezo ulioshindwa ili ukautazame nyumbani bila kulia. Mwaka 1991 timu yake ya kwanza ilimaliza kileleni mwa mashindano ya taifa ya ngazi yao, na magazeti makubwa ya New York yakaandika habari zao. Timu nyingine ya Harlem aliyoifundisha baadaye nayo ikatwaa ubingwa wa taifa.

Yeye mwenyewe alikuwa bado na cheo cha chini ya kile alichokitamani. Mwaka 1997 akaacha kufundisha ili ajiandae, na tarehe 14 Machi 1999, katika klabu kongwe ya Manhattan, akashinda mchezo uliomkamilishia masharti. Alikuwa na miaka 33, umri ambao wengi katika mchezo huo huanza kushuka. Akawa mtu mweusi wa kwanza duniani kuwa bingwa mkuu wa sataranji. Mwaka ule ule akafungua kituo cha mchezo huo Harlem. Mwaka 2003 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufuzu kucheza ubingwa wa nchi hiyo, na mwaka 2016 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la sataranji la Marekani. Dada yake, Alicia, aliyelelewa na bibi huyo huyo, akawa bingwa wa dunia wa ndondi.

Fischer alifika mbali kuliko Ashley, hilo halina ubishi. Mwaka 1972 alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1975 akakataa kuutetea ubingwa huo, akajitenga na watu, akaishia kuwa mkimbizi mwenye kusema maneno ya chuki, na akafia Iceland mwaka 2008 akiwa na miaka 64. Mimi mtoto wangu akiniuliza afuate nyayo za nani kati ya hao wawili, sitahitaji usiku kucha wa kufikiri.

Hata hivyo Ashley si nabii, na lipo jambo lake ambalo Mwislamu hawezi kulichukua. Mwaka 2014 aliandaa mashindano Las Vegas, mji unaojulikana kwa kamari kuliko kitu kingine chochote, ambapo zawadi kwa jumla zilifika dola milioni 1 na kila mchezaji alitoa ada ya kuingia ya takriban dola 1,000. Nia yake ilikuwa kuupa mchezo heshima ya kifedha kama ya michezo mingine, na sina shaka na nia hiyo. Lakini pale ambapo washindani wenyewe wanatoa mali kwa matumaini kwamba wachache watarudi na nyingi, tumeuvuka ule mpaka wa Imam Nawawi. Ama zawadi inayotolewa na mtu wa tatu ambaye hachezi, baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameiona kuwa jambo jepesi zaidi na wengine wameendelea kuizuia. Hapo kila mmoja amuulize sheikh wake.

Wapo watakaosema kwamba Harlem ni mbali. Katwe, Kampala, si mbali. Huko, mwaka 2005 au karibu na hapo, msichana mdogo aitwaye Phiona Mutesi, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kufariki na ambaye aliacha shule kwa kukosa ada, alikuwa akiuza mahindi mitaani. Siku moja alimfuata kaka yake kimyakimya ili ajue anakwenda wapi. Akamkuta barazani pamoja na watoto wengine, wakicheza sataranji mbele ya kijana aitwaye Robert Katende, na kando yao kuna uji. Phiona hakuficha baadaye kwamba kilichomvuta kwanza ni ule uji. Aliyemwonyesha namna ya kuzisogeza kete alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2009 alikuwa katika timu ya watoto watatu wa Uganda iliyoshinda mashindano mjini Juba. Mwaka 2010 akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya sataranji huko Siberia. Mwaka 2012, mjini Istanbul, akapata cheo chake cha kwanza cha kimataifa. Mwaka 2016 maisha yake yakafanywa filamu, na mwaka uliofuata akaenda kusoma chuo kikuu Marekani.

Tuseme kweli: cheo alichokipata Phiona ni cha chini katika ngazi za wanawake, na filamu haikumgeuza kuwa bingwa mkuu. Katika eneo letu la Afrika aliyetangulia kufika huko ni Amon Simutowe wa Zambia, mwaka 2009. Lakini msichana aliyekuwa nje ya shule alirudi shuleni, akafika chuo kikuu, na njia yake ilianzia kwenye baraza lenye mtu mzima mmoja aliyekuwa akifika kila siku.

Katende alikuwa akifanya kazi chini ya jumuiya ya Kikristo. Wasomaji wa Masasi watakuwa wameshafika ninakokwenda. Wamisionari wa Kianglikana waliweka makazi Masasi mwaka 1876, wakajenga shule na zahanati, na wazee wetu kwa miongo mingi walisimama njia panda: kumpeleka mtoto kwenye elimu iliyofungamana na ubatizo, au kumbakisha nyumbani. Wengi walimbakisha, na gharama ya uamuzi ule imelipwa na vizazi. Siwalaumu. Ninachouliza ni kwa nini leo, ambapo tuna misikiti kila kijiji na madrasa yenye paa la bati na mabaraza mapana, tungali tunamwambia mtoto mambo ya kuacha tu, bila kumpa mahali pa kwenda. Baba wa Newala amemnyang'anya mwanawe ubao. Amempa nini badala yake?

Maana mahali pa kwenda papo, na panamngoja. Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na fedha zikishuka kwa wakulima, zile mashine za kamari ambazo vijana huziita dubwi hufanya kazi usiku na mchana katika vijiwe vya Masasi na Newala. Sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha; kijiwe hakiulizi umri. Mtoto anaingia na shilingi mia mbili aliyopewa anunue chumvi. Wakubwa wao wako pembeni wakijaza mikeka ya mechi za Ulaya. Aya za Suratul Maida zilizoharamisha kamari zimetaja na madhara yake, ya uadui, chuki, na kumzuia mtu na dhikri na swala, na yote hayo unaweza kuyaona kwa macho katika kibanda kimoja, kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Dubwi haina hesabu ya kujifunza. Ukishindwa leo hujui ulikosea wapi, kwa sababu hukukosea popote, ilipangwa ushindwe.

Ubao wa boksi unafundisha kinyume cha hayo. Katika sataranji hakuna bahati ya kulaumiwa. Kete zote ziko wazi mbele ya wote wawili, na aliyeshindwa anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaikuta ile aliyoharakisha. Mtoto anayezoea kujiuliza "nikifanya hivi, mwenzangu atafanya nini?" kabla hajanyoosha mkono, anajizoeza subira kwa njia ambayo mawaidha yangu hayawezi kumzoeza. Sidai kwamba mchezo huu utampa alama za hisabati. Nimesoma madai mengi ya namna hiyo na sikuridhika nayo. Nadai kwamba utamkalisha, na kwamba atakayekaa naye atapata nafasi ya kumfundisha mengine.

Kwa hiyo, dada yangu, ushauri wangu ni huu. Usishindane na mumeo mbele ya watoto, wala usimtajie mwembe wakati ana hasira. Mwombe imamu wa msikiti wenu azungumze naye, na amweleze kauli ya Imam Shafi na mipaka yake kama nilivyoieleza hapa. Mkikubaliana, ubao ukae madrasa, si nyumbani wala kijiweni. Uchezwe baada ya Alasiri na ukunjwe robo saa kabla ya Magharibi, ili watoto wawahi udhu. Na pale Newala, ambako maji huyapandisha kutoka bondeni kwa gharama, mnajua kwamba udhu wa watoto ishirini unahitaji muda. Pasiwekwe dau la aina yoyote, hata la peremende. Wasichana nao wapewe siku zao. Ustadh wa madrasa halazimiki kuujua mchezo. Mwanao anaujua, na huko Katwe mwalimu wa kwanza wa Phiona alikuwa mdogo kuliko yeye.

Na mumeo aombwe aje kuwasimamia siku moja. Mtu anayeweza kuhesabu kete za bao zikizunguka safu mbili na kujua itakapolala ya mwisho hatapata tabu na farasi. Kete moja tu itamtatiza. Ile ambayo wachezaji wa Ulaya wameifanya malkia, Waarabu wanaiita waziri, na mtoto aliyejifunzia kwenye simu ataiita kwa jina la Kizungu. Mwacheni baba achague jina, mchezo haubadiliki.

Kuhusu vizibo, vinahitajika 32. Mkipata 16 vya soda ya rangi moja na 16 vya rangi nyingine itakuwa vizuri zaidi, maana wino juu ya bati hufutika kwa jasho la vidole, na watoto wakianza kubishana kete ni ya nani, robo saa ya udhu itakuwa imekwisha.